Barua kwa vijana wetu wanaoandika hadithi hapa Amu (Lamu)

Asalam aleikum wanangu,

Juzi mlinialika nije kuwasikiliza mkisoma hadithi zenu, na nilifurahi maana siku hizi wazee tunaitwa kwenye harusi na mazishi tu. Nikakaa nikasikiliza mpaka mwisho. Sasa msinione mbaya, nilitoka hapo nimekasirika na mpaka leo sijapoa. Hadithi karibu zote zina mrembo mwenye macho ya kulegea na tajiri mwenye gari, na moja ndo ilinimaliza kabisa, msichana kagongwa na Prado kwenye uchochoro wa Langoni. Langoni! Pale punda wawili waliobeba mchanga wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, hiyo Prado ilipita wapi, ilishushwa na helikopta? Na alieandika ni mtoto wa hapohapo, uchochoro huo anaupita kila siku akienda kununua mkate.

Basi nunueni daftari la kuchorea, dogo la kuingia mfuko wa kanzu au mkoba, na kila siku mchore kitu kimoja mlichokiona kwa macho yenu. Najua mtasema sisi waandishi, kuchora hatujui. Nani kawaambia mchore vizuri? Chora vibaya, ila kaa hapo ukikodolee kitu mpaka uanze kujiuliza maswali.

Na habari ya picha za simu msiniletee. Unapiga huku unatembea, jioni ukiulizwa ulichopiga kilikua na nini unafungua simu kutazama. Kuna kijana mmoja jirani yangu alikuja kulalamika hana cha kuandika, nikamwambia kaa kwenye daka letu, hapo kibarazani mlangoni, chora mlango wa nyumba ile ya mbele mpaka adhana ya magharibi. Akanuna lakini akachora. Baadae kaja mbio, "babu, mbona mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, umejaa nakshi juu mpaka katikati halafu chini mbao ni mpya, haina hata ua moja? Na mbona pete ya kubishia imewekwa juu vile, mtoto haifikii?" Nikamwambia mimi sijui, mwandishi ni wewe. Akaenda akaandika, nani aliukata mlango ule, ni maji ya bamvua yaliuozesha au kuna mtu alitoroka usiku, na nani alikua hataki watoto wabishe hodi. Kurasa na kurasa, na gari hakuna hata moja. Mlango huo anaupita tangu kuzaliwa kwake, jamani.

Hapa na sisi wakubwa tusijifiche. Unesco walituweka kwenye urithi wa dunia 2001, wageni wanakuja wanakaa kwenye baraza zetu na rangi zao wanachora mpaka jua la utosi, na sisi wenyewe milango mingapi tuling'oa tukauza? Mtoto akishika penseli achore, mama anafoka "huna kazi?" na mwalimu anamwambia hilo kwenye mtihani halipo. Halafu tunalalamika mbona hadithi za Amu zinaandikwa na watu walioshuka ndege Manda wiki iliopita.

Kuna watakaoniuliza kuhusu kuchora nyuso. Hilo waulizeni masheikh wenu, mimi uso sikuutaja. Choreni viatu mlangoni mwa msikiti, mkono ulioshika kikombe cha kahawa, mgongo wa fundi Matondoni akiziba nyufa za mashua. Mgongo unasema mengi, mtu kaja na deni au kaja na habari njema utajua tu. Ukikaa karibu na mtu, muombe ruhusa, na kina mama msiwakodolee.

Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia zaidi ya miaka 500 iliopita, aliwashauri wachoraji watembee na kijitabu, tena watazame kuta zenye madoa, humo wataona milima, mito, watu wakipigana. Sasa nani ana kuta zenye madoa kutushinda sisi, mawe ya matumbawe na chokaa, chumvi inazila kila kaskazi! Na Victor Hugo wa Ufaransa alikua mwandishi kama nyinyi, kaacha michoro kama 4000, nyingine kaichora hata kwa kahawa.

Mengine haraka haraka. Andika tarehe na mahali. Neno ulilolisikia wakati unachora liandike pembeni kwa Kiamu chake, usilisafishe. Tumia penseli. Ukurasa usichane hata ukiuchukia.

Daftari likianza kujaa, chukua michoro miwili isiyojuana, tuseme kandambili iliokatika gidamu uliyoichora Shela na mashua iliotelekezwa uliyoichora Matondoni, iweke pamoja ujiulize mwenye kandambili alishuka vipi kwenye mashua ile, alikua na nani, na kiatu cha pili kiko wapi. Usikimbilie kujibu, chora tena kwanza.

Jumamosi baada ya alasiri nitakua Mkunguni mbele ya ngome, anaetaka aje, simu mtaziacha kwenye kikapu changu. Penseli ntaleta mimi, kahawa mtalipa nyinyi.

Mzee wenu wa Mkomani