Broka, shamba na chumvi ya kondoo

Kwa Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niseme na hawa mabroka wa mashamba. Mimi naishi Umoja na nimekuwa nikitafuta ekari 5 huko Kajiado nifuge kondoo, sasa mwezi wa 5 nikabebwa na gari la broka, nikaonyeshwa nyasi imefika magotini, nikafurahi kama mtoto, kumbe ni mvua ya masika tu, nikarudi mwezi wa 9 kivyangu nikapata vumbi na mawe, na maji ni safari.

Nikamuuliza huyo broka kuhusu idhini ya bodi ya ardhi, ati "hiyo tutamalizana nayo baadaye". Baadaye lini? Shamba la kilimo bila hiyo idhini mauzo ni batili, na ombi linafaa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane. Pesa yangu ya Sacco si ya kuchezewa.

Alafu kuna hizi agroveti, maduka ya dawa na vyakula vya mifugo. Moja nilienda kuulizia chumvi ya kondoo, kijana akanipa ya ng'ombe, ati ni moja tu. Si moja jamani! Ya ng'ombe huwa na madini ya shaba mengi, na kondoo shaba ikizidi inamuua. Kila mtu pia anakusukumia kondoo wa aina ya Dorper kwa sababu ananona haraka, hakuna anayekwambia yule kondoo mwekundu wa Kimaasai anavumilia minyoo kumshinda.

Shamba bado natafuta, lakini gari la broka sipandi tena.

Mfugaji mtarajiwa,
Umoja, Nairobi