Adhabu ya kutumikia jamii inahitaji msimamizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kero ya wakazi wa mitaa mingi ya Dar es Salaam, nayo ni vibaka wanaohukumiwa na mahakama kisha wakaendelea kuishi kana kwamba hawajawahi kusomewa hukumu yoyote.

Mtaani kwetu, wilayani Temeke, yupo kijana ambaye sitamtaja jina. Kazi yake ni kung'oa dira za maji usiku na kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hakujapambazuka, na mwenye nyumba huamka akakuta maji yametapakaa uwanjani. Mara ya kwanza alipotiwa hatiani, mahakama ilimwachia kwa sharti la kutotenda kosa lolote kwa miezi 12, kama Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinavyoruhusu. Kabla muda huo haujaisha alikamatwa tena katika kata nyingine, akajiandikisha kwa kutanguliza jina la baba yake na kuliacha la ukoo, na hakuna aliyetambua kwamba mtu huyo tayari alikuwa chini ya amri ya mahakama. Akapata dhamana kupitia mdhamini ambaye hakuna jirani anayemfahamu, akatoweka.

Alipopatikana tena, akapewa adhabu ya kutumikia jamii kwa kufyeka nyasi na kusafisha mazingira ya zahanati. Nimeliona daftari la mahudhurio lililofunguliwa kwa ajili yake. Jina limeandikwa kwa kalamu ya bluu, saini ipo kwenye mstari wa kwanza, na kuanzia hapo mistari ni mitupu hadi chini ya ukurasa. Wahudumu wanasema hawakuelezwa wampigie nani simu asipofika, na siwezi kuwalaumu, kwani kazi yao ni kutibu wagonjwa na kuzalisha akina mama.

Majirani wengi wanasema dawa yake ni jela tu. Sikubaliani nao. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 ilitungwa kwa nia njema, ili mkosaji ambaye mahakama inaona anastahili kifungo kisichozidi miaka mitatu aweze kulipa deni lake kwa kazi isiyo na ujira, badala ya kurundikwa gerezani pamoja na majambazi sugu na kutoka akiwa amefuzu uhalifu mkubwa zaidi. Sheria hiyo haikumwacha mkaidi aende zake: akikiuka amri, taarifa hupelekwa mahakamani, naye anaweza kuitwa au kukamatwa na kupewa adhabu nyingine. Lakini mahakama haiwezi kumwita mtu ambaye haikuambiwa kwamba hakufika. Hapo ndipo panapovuja, na panavuja kwa sababu hakimu, ofisa wa huduma za uangalizi, mwenyekiti wa mtaa na mahali pa kazi hawana mawasiliano.

Ninaliandika hili kwa hofu. Wenye nyumba wameanza kuambizana kwamba kumpeleka kibaka polisi ni kupoteza muda, na sote tunajua maneno hayo huishia wapi: mawe, tairi na petroli, na maiti ya kijana wa mtu barabarani, aliyeuawa kwa sababu ya dira. Anayekwepa amri ya mahakama anajiweka yeye mwenyewe katika hatari hiyo, na wazazi wake wanapaswa kulielewa hilo wanapomficha kwa shangazi yake kata ya pili.

Ombi langu kwa wahusika si kubwa. Mshtakiwa atambuliwe kwa namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, au kwa alama za vidole kama hana namba, ili kubadili mpangilio wa majina kusimpe mwanzo mpya. Barua ya mdhamini isipokelewe kabla mjumbe wa eneo hajathibitisha kwamba anamfahamu. Na kila daftari la mahudhurio liandikwe, katika ukurasa wake wa kwanza, jina na namba ya simu ya ofisa anayepaswa kuarifiwa siku ileile mkosaji asipotokea, na nakala ya amri ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi.

Wako,
Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam