Barua kwa mwanangu kabla ya mechi ya Jumamosi

Babangu,

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza unakipitia mbio kwenye simu, unajibu "niko sawa, Mama", basi. Hii itabidi uisome polepole.

Yule mama Mliberia niliyekaa naye kwenye mechi yenu ya futiboli ya Kimarekani ya Septemba ndiye aliyenipa habari. Alidhani najua. Tulikutana dukani hapa Brooklyn Park, akaniuliza, "Kijana wako kichwa kinaendeleaje?" Nikamjibu kinaendelea vizuri. Nimemdanganya mtu mzima mwenzangu kwa sababu yako.

Kwa hiyo wiki mbili zilizopita uligongana na mtu robo ya tatu, ukainuka, ukacheza mpaka mwisho, kisha ukatapika ndani ya basi na kumwambia mwenzako anyamaze. Kichwa bado kinauma? Mwanga unakusumbua? Usiku unalala? Nipigie unijibu kwa mdomo, nikusikie sauti.

Kanuni ya NCAA, hao wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani, unaijua kuliko mimi. Mchezaji akishukiwa kupata mtikiso wa ubongo hutolewa na siku hiyo harudi, halafu hurudishwa hatua kwa hatua mpaka daktari aridhike. Kanuni hiyo itamlinda vipi aliyeziba mdomo? Utaniambia ulikuwa umevaa kofia ngumu. Mwanangu, kofia inazuia fuvu lisipasuke. Chukua nazi uitikise karibu na sikio: kifuu ni kizima, hakina hata ufa, lakini maji unayasikia yanagonga huku na huku. Ubongo nao ni hivyo. Na ukigongwa mara ya pili kabla ya mtikiso wa kwanza kupona, ubongo unaweza kuvimba. Ni nadra, lakini wapo vijana wa rika lako waliokufa hivyo.

Na kwa faida gani? Chuo chenu kiko Divisheni ya 3, ambako ufadhili wa michezo hauruhusiwi, hata senti moja. Nilipolielewa hilo nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa, unayakumbuka. Ada ni mikopo na zamu zangu za usiku. Mmeshinda mechi tatu, mmepoteza sita, imebaki moja, na mchujo hamuendi. Huo ndio msimu unaotaka kuufia?

Nisikufiche, Septemba nilijivuna. Kipaza sauti kilipotaja jina la babangu mbele ya watu wasioijua Kilifi, nilisimama nikapiga kigelegele, jukwaa zima likageuka. Ulikuwa umemwangusha yule mkimbiaji wao kwa usafi, kichwa kikiwa juu, kwa bega. Nililiona. Usidhani mama yako haelewi anachokitazama.

Zamu za usiku zina masaa marefu wazee wakilala, kwa hiyo nimesoma. Nimesoma habari za Bennet Omalu, yule daktari Mnigeria aliyeuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa zamani wa futiboli, kule Pittsburgh mwaka 2002 akakuta madhara ambayo hakuna aliyekuwa ameyaonyesha kwa mchezaji wa ligi yao kubwa. Nimesoma utafiti wa Boston wa mwaka 2017 pia. Kati ya bongo 53 za marehemu walioishia kucheza vyuoni, 48 zilikutwa na ugonjwa huo wa CTE, wa ubongo kuharibika kwa kugongwa mara kwa mara. Najua utanirudishia kwamba bongo hizo zilitolewa na familia zilizokuwa tayari na wasiwasi, kwa hiyo si picha ya wachezaji wote. Hilo nalo nimelisoma. Halinipi usingizi.

Kuna mzee mmoja ninayemwogesha, alicheza mpira huu chuoni. Kila asubuhi ananiuliza mechi ni saa ngapi. Sisemi mpira ndio uliomfikisha hapo, maana ugonjwa wenyewe hauthibitishwi mpaka mtu afe. Lakini nikimfunga vifungo vya shati nakuona wewe.

Na usiseme bila kuumizana timu haijengeki. Mzee John Gagliardi wa St. John's, hapa hapa Minnesota, alifundisha kuanzia 1953 mpaka 2012, na mazoezini aliwakataza vijana wake kuangushana. Alimaliza kazi na ushindi 489, hakuna kocha wa futiboli ya vyuo aliyemfikia. Mwambie kocha wako. Au usimwambie, nenda tu kwa yule dada mtaalamu wa tiba ya timu kabla ya Jumamosi umweleze lini uligongwa, ulitapika mara ngapi, na kama kinauma mpaka leo. Usimeze Panadol ukanyamaza. Najua nani alikufundisha hivyo. Ulipokuja jikoni ukiwa darasa la tisa ukasema taa inakuumiza macho, nilikupa vidonge viwili nikakwambia umalizie vyombo. Na ile karatasi ya ruhusa ya shule nilitia sahihi juu ya usukani, nimechelewa kazini. Ilikuwa na kurasa nne.

Nyanya yako anauliza kama huo mpira wa kushika kwa mikono umeisha. Mabati ya jikoni kwake yamebadilishwa, kilichobaki ni mfereji wa maji ya mvua. Ile pesa uliyotuma wakati wa kiangazi ilifika, nimeiona kwenye picha, ni mabati ya bluu. Amefurahi sana. Mjomba wako hajamaliza hesabu lakini hilo niachie mimi.

Mdogo wako ameanguka mtihani wa udereva kwenye kuegesha. Usimcheke. Tanuri la chini linapiga kelele tena, nimebadilisha kichujio, haikusaidia. Matairi ya theluji ya gari lako yako gereji, nyuma ya yale masanduku. Usiendeshe mwenyewe kuja Thanksgiving kama kichwa kinazunguka, nitakuja kukuchukua. Bado hujaniambia kama kinazunguka.

Nimebadilishana zamu, Jumamosi nakuja. Nilitakiwa kufanya hivyo tangu mwaka wa kwanza. Nitaleta mahamri na mbaazi kwenye chombo kile kikubwa, ili wenzako nao wale. Nikikukuta pembeni umevaa koti, nitafurahi kuliko siku ile ya kigelegele. Leta nguo chafu nirudi nazo, na blanketi la bibi, nimelitafuta nyumba nzima.

Nipigie leo kabla ya saa nne usiku, ndipo naingia kazini. Umeshaongea na yule dada?

Mama yako