Barua Yako ya Utambulisho, Mwanangu

Old Moshi, Kilimanjaro

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku nyumbani tu wazima, mama yako anakusalimu sana, na mvua za vuli zimeanza kwa utulivu kiasi kwamba migomba ya upande wa korongo imechipua upya.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyingine iliyokunjwa mara mbili, yenye mhuri wa usharika na sahihi ya mchungaji. Ni barua yako ya utambulisho, ile ambayo Mkristo wetu anapohama huichukua na kuikabidhi kwa usharika anaokwenda, ili wajue kwamba amebatizwa, amepata kipaimara na anashiriki Chakula cha Bwana. Uliniomba barua hiyo miaka miwili iliyopita ulipopata kazi Dodoma, nami nikakujibu kwamba mchungaji alikuwa safarini. Ukweli ni kwamba mchungaji alikuwepo na kitabu cha usharika kilikuwa mezani kwake. Mimi, mzee wa kanisa, ndiye niliyeshindwa kumwomba aandike. Niliiogopa siku ambayo ningesimama kusoma matangazo na kulitaja jina lako miongoni mwa waliohama. Naomba unisamehe, na unisikilize nikueleze kilichonibadilisha.

Mwezi uliopita uliniambia kwenye simu kwamba usharika unakosali huko una ibada tatu kila Jumapili, kwaya zinapokezana, vipaza sauti ni vya kisasa na mahubiri yanakujenga. Nilifurahi kusikia hivyo. Kisha ukasema, kwa sauti ya chini kana kwamba si jambo kubwa, kwamba ulipougua malaria wiki nzima hakuna aliyekuja kukuona isipokuwa mama mwenye nyumba. Usiku ule sikulala. Sikuwalaumu ndugu zetu wa huko, kwa maana hawakuwa na namna ya kumtafuta mtu ambaye jina lake halimo katika kitabu chao. Jina lako lilikuwa huku, na aliyelizuia ni mimi.

Mtaa wetu, yaani tawi letu la usharika, unaujua, umekulia humu, lakini mtoto huona kanisa kwa kimo cha benchi, na yapo ambayo hukuyaona. Kengele yetu bado ni ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mringaringa, na Jumamosi jioni inapogongwa kwa nondo, sauti yake hufika hadi ng'ambo ya mto. Jumapili mimi au mzee mwenzangu tunasoma matangazo: wiki iliyopita ibada ilihudhuriwa na wanaume 19, wanawake 41 na watoto 33. Ulipokuwa msichana ulikuwa ukisinzia wakati wa takwimu hizo. Kwangu mimi sehemu hiyo ina uzito wake, kwa kuwa wanawake wakiwa 40 badala ya 41, kabla hatujafika mlangoni mtu ameshauliza ni nani hakuja, na kabla ya jua kuzama mtu ameshapita nyumbani kwake. Siku bibi yako alipoanguka jikoni, aliyemkuta hakuwa mimi wala mama yako. Alikuwa jirani wa jumuiya aliyeona nafasi yake ikiwa tupu kwenye ibada ya Jumatano alfajiri, akapita kwake akiwa bado ameshika kitabu cha nyimbo mkononi.

Jambo hilo lina historia yake, na kwa kuwa nilifundisha historia kwa miaka mingi utanivumilia kidogo. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, kisha wakaenea katika milima yetu. Huku kwetu Old Moshi, kwa vipindi kati ya mwaka 1910 na 1938, alifanya kazi mmoja wao, Bruno Gutmann, ambaye aliona kwamba Wachagga tulikuwa tayari na vifungo vya ukoo, vya ujirani na vya rika, akasisitiza kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo badala ya kuvikata. Wasomi wamemkosoa kwa kung'ang'ania mambo ya kale na kuuogopa mji, na nadhani wana haki kwa sehemu. Lakini Waingereza walipowaondoa wamisionari hao mwaka 1920, walimu na wazee wenyeji ndio waliobaki wakiziendesha sharika, na babu yangu, aliyekuwa kijana wakati huo, alikuwa akisimulia kwamba huku kwetu hakuna Jumapili iliyopita bila ibada. Waliweza kwa sababu kila mtu alijua ni nani jirani yake na anamdai nini.

Jumuiya zetu za leo ni ujirani huohuo. Nyumba kumi na mbili, ibada ya zamu saa kumi na mbili asubuhi kabla watu hawajaenda shambani, wimbo mmoja, somo, maombi kwa kila mwenye shida kwa jina lake, sadaka kidogo katika kikapu, kisha chai kwa mwenye uwezo wa kuitoa. Mchungaji ana mitaa mingi na huja kwetu kwa Chakula cha Bwana mara moja kwa mwezi. Mwinjilisti hubeba mahubiri na wagonjwa. Lakini mambo ya kila siku hubebwa na jumuiya. Bibi yako alipofariki miezi mitatu baada ya kuanguka, ulifika siku ya pili na kukuta turubai limeshafungwa, sufuria kubwa za kanisa ziko mafigani, na vijana wa kipaimara wanachimba kaburi kihambani, katika shamba letu la nyumbani. Ulinishukuru kwa maandalizi. Mwanangu, sikuandaa chochote. Nilikuwa nimekaa chumbani, sijui hata ni nani aliyenunua sukari.

Sitaki hata hivyo udhani kwamba nakusimulia kanisa la malaika. Mahali ambapo watu wanajuana sana, pia wanaumizana kwa urahisi, na mimi nimewahi kumuumiza mtu nikiwa nimesimama mbele ya madhabahu na karatasi mkononi.

Ni mwaka ule ulipokuwa kidato cha pili, kenchi za kanisa zilipoliwa na mchwa hata mabati yakaanza kulegea, na masika yalikuwa karibu. Baraza la wazee lilikubaliana kila kaya itoe mchango wa fedha, na kila Jumamosi pawe na msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuchota mchanga korongoni na kusomba mawe. Mimi niliona ni haki, katika matangazo, kusoma majina ya kaya zilizokamilisha mchango na yale ya kaya ambazo hazikukamilisha. Miongoni mwa yale ya mwisho nilisoma jina la mjane anayekaa karibu na kisima. Sitamtaja hapa, wewe unamjua, kwa kuwa ndiye aliyekufundisha kusuka ukili. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Akina mama wa jumuiya walikwenda kwake, wakarudi wakaniambia kwa heshima, lakini bila kuzunguka, kwamba niende mwenyewe.

Nilikwenda na mwinjilisti. Alitukaribisha, akatupa viti, akasema, "Mwalimu, sikukasirika kwa kudaiwa. Nimebeba mchanga Jumamosi tisa, na mgongo huu wangu unajua. Nilidhani hamkuona." Sikuwa na jibu. Nilikuwa na daftari la fedha lenye mistari iliyonyooka, na hakuna mstari hata mmoja ndani yake uliokuwa na ndoo ya mchanga. Nilimwomba radhi pale kwake, na Jumapili nikamwomba radhi palepale nilipomtaja. Tangu siku ile daftari letu lina safu mbili zinazolingana, moja ya fedha na nyingine ya siku za kazi, na majina ya wanaodaiwa hayasomwi tena mbele ya watu; mzee wa jumuiya hupita nyumbani na kuuliza kama kuna tatizo. Mara nyingi tatizo lipo. Kahawa siku hizi haimlipi mkulima kama ilivyowalipa baba zetu, na mtu anayekosa ada ya mtoto hana cha kuweka katika bahasha ya ahadi.

Nakueleza haya kwa sababu utakapojiunga na jumuiya huko Dodoma utakutana na watu, na watu watakukwaza. Atakuwepo mzee kama mimi atakayesoma jina lako vibaya. Usiondoke. Mpe nafasi ya kuja kukaa kwenye kiti chako.

Na barua hii ya utambulisho ifanye kazi yake. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana mwaka 1963 kuwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, faida mojawapo ambayo watu wa kawaida waliipata ni kwamba karatasi yenye mhuri wa Old Moshi inapokelewa Dodoma, Mbeya au Bukoba bila mtu kukuuliza wewe ni wa nani. Usimpe mlinzi wa ofisi, wala usiitumbukize katika kapu la sadaka. Baada ya ibada muulize mzee wa kanisa yeyote aliyesimama mlangoni ni jumuiya gani inayosali mtaani unapokaa, umwonyeshe, akupeleke kwa katibu aandike jina lako, simu yako na nyumba yako. Kisha nenda kwenye ibada ya jumuiya ya wiki hiyohiyo, hata kama umechoka kutoka kazini, hata kama ni alfajiri na hujui nyimbo wanazopenda. Zamu yako ikifika, wakaribishe katika chumba chako kimoja. Viti visipotosha, watu watakaa kitandani na wengine mkekani, wala hawataona ajabu. Waambie kwamba unaimba sauti ya pili. Wataona wenyewe.

Jana nilisoma tangazo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi nyumbani mbele ya mama yako, na bado nilipofika kwenye jina lako nilisimama kidogo. Mwinjilisti aliwaomba watu wasimame tukuombee, na watoto wa Shule ya Jumapili uliokuwa ukiwafundisha, ambao sasa wengine wako kipaimara na wamekuwa warefu kuliko mimi, walisogea mbele bila kuitwa. Baada ya ibada ulifanyika mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka, kama kawaida, chini ya mringaringa. Kulikuwa na mkungu wa ndizi mshale, maparachichi, lita tatu za maziwa na trei moja ya mayai. Yale mayai yalipanda bei hadi watu wakaanza kucheka kwa furaha, kwa kuwa aliyekuwa akipandisha ni yule mjane wa kisimani, na hakukubali mtu ampite. Alipoyapata alisema yarudi mnadani, yauzwe tena, na sadaka hiyo iandikwe kwa jina la mtoto wa mwalimu aliye Dodoma. Katibu aliniuliza kama inafaa, maana umeshatangazwa kuhama. Nikamwambia aandike. Ndiyo sadaka yako ya mwisho katika daftari letu, nami niliisoma mara mbili kuhakikisha jina halikukosewa herufi.

Keshokutwa, Jumatano, zamu ya jumuiya ni hapa nyumbani. Mama yako ameshachambua maharage ya makande, na jirani ataleta viti vyake vinne vya plastiki. Nimewaambia kwamba wewe huamka mapema kabla ya kazi, kwa hiyo tutaweka simu mezani karibu na kikapu cha sadaka, na saa kumi na mbili kamili nitakupigia, ili kama una nafasi uimbe nasi wimbo wa kwanza kabla hujatoka.

Nikutakie amani ya Bwana.

Mimi baba yako