Msimpe Steve Jobs kila kitu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka na miaka bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala yenu ya Jumapili kuhusu "baba wa simu ya mkononi" siwezi kuinyamazia. Ukurasa mzima, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, na sweta yake nyeusi, na maelezo kwamba ndiye aliyetupatia simu ya mkononi, skrini ya kugusa na hata kipanya cha kompyuta. Si kweli, yote matatu.

Aliyepiga simu ya kwanza ya mkononi ni Martin Cooper, mhandisi wa Motorola, akiwa mtaani New York tarehe 3 Aprili 1973. Alimpigia Joel Engel wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, mshindani wake. Jobs alikuwa na umri wa miaka 18. E. A. Johnson aliieleza skrini ya kugusa kwa maandishi huko Uingereza mwaka 1965, na IBM iliuza simu yenye skrini hiyo, Simon, mwaka 1994. Kipanya alikibuni Douglas Engelbart, akakiunda Bill English, na wakakionyesha hadharani San Francisco Desemba 1968. Engelbart alikufa mwaka 2013 bila kupata mrabaha wowote kwa kazi hiyo, nanyi hata jina lake hamkulitaja.

Jobs ana sifa zake. Alijua kuchagua, kuunganisha na kukataa kazi mbovu, na iPhone ya 2007 iliwalazimisha watengenezaji wote wa simu waanze upya. Mpeni hizo.

Kinachoniuma zaidi ni binti yangu. Aliulizwa darasani ni nani aliyeunda simu ya kwanza ya mkononi, akaandika Martin Cooper, kwa sababu tulikuwa tumesoma habari zake pamoja nyumbani. Akakatwa kwa kalamu nyekundu. Nilipokwenda kuuliza, mwalimu wake, mtu mwema tu, alifungua droo akanitolea kipande cha gazeti. Gazeti lako, Mhariri! Makala nyingine ya zamani, kosa lilelile, picha ileile. Nilieleza, nikataja mwaka, nikataja kampuni, lakini mzazi aliyesimama mlangoni hawezi kushindana na kitu kilichochapishwa. Mtoto naye akaniambia njiani, "Baba, siku nyingine nitaandika wanachotaka." Mtoto aliyejibu sawasawa amefundishwa kuuacha ukweli ili apate maksi, na waliomfundisha ni ninyi, kwa kuwa hakuna mtu katika chumba chenu cha habari aliyejisumbua kuhakiki mwaka mmoja.

Halafu kuna hizi habari zenu za "uvumbuzi mpya" kila simu inapotoka. Apple ilipoondoa tundu la spika za masikioni mwaka 2016, bosi wake mmoja aliuita uamuzi huo ujasiri, nanyi mkalichapa neno hilo kama lilivyo. Betri zinagundishwa ndani ili mtu asiweze kubadilisha mwenyewe, nanyi mnasifu wembamba wa simu. Betri yenyewe ya lithiamu imetokana na kazi ya John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Walipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97, mliwapa aya moja chini ya matokeo ya mpira.

Ninachoomba kinawezekana wiki hii hii. Kila mnapochapa picha ya mkuu wa kampuni ameshika simu mpya, chini yake wekeni kisanduku cha upana wa safu mbili, herufi zisipungue ukubwa wa zile za makala. Mwandike humo nani alibuni skrini, nani betri, nani kihisi cha kamera (kile kipande kinachonasa picha), na mwaka gani. Anzeni na Eric Fossum, ambaye kazi yake katika maabara ya NASA, shirika la anga la Marekani, ndiyo iliyozaa kihisi kilichomo kwenye kamera za simu zetu. Nafasi mnayo: ondoeni ile orodha ya utajiri wa mabilionea mnayoirudia kila Jumatatu.

Msomaji wenu wa siku nyingi