Kabla ya kuuliza kama atapata, ulizeni nani atalipa

Mhariri,

Kila msimu wa udahili mjadala huwa ule ule: chuo kikuu fulani maarufu cha ng'ambo kinachukua waombaji wanne hivi katika kila mia, je, mtoto ajaribu au aache? Sisi tunaosaidia wanafunzi kujaza fomu hizo tunaona swali limeanzia mkiani. Akipata, nani atalipa?

Huko Marekani, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst husoma maombi ya mwanafunzi wa kigeni bila kujali kama ana fedha, na wakimkubali huziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia, kwa makadirio yao wenyewe. Stanford nayo huliziba, ila kwa mgeni, kule kuomba msaada tu kunaweza kumpunguzia nafasi ya kuchaguliwa. Wazazi wakisikia hivyo, wengine huficha shida: sehemu ya msaada wanaiacha tupu, wakidhani wataomba baadaye. Vyuo vingi havimpi mgeni nafasi hiyo ya pili. Barua ya kukubaliwa inafika, ada hakuna, na mtoto anabaki na barua.

Oxford na Cambridge za Uingereza ni habari nyingine. Kwa kawaida huwezi kuomba vyote viwili mwaka mmoja, na dirisha la maombi hufungwa 15 Oktoba, wakati wengine hata rasimu hawajaanza. Unahodha wa timu hauwashughulishi sana. Wanachotaka ni somo. Anayeomba hisabati Oxford hufanya mtihani wa kuingilia, kisha kwenye usaili hupewa swali asilowahi kuliona na kutazamwa anavyopambana nalo. Mwanafunzi ambaye bado anapenda masomo manne kwa pamoja msimsukume huko. Vyuo vingi vya Marekani humruhusu kuingia kwanza, fani akaichagua baadaye.

Tuje kwenye asilimia. Kuna hesabu inayopendwa: vyuo kumi, kila kimoja nafasi ya asilimia 5, basi uwezekano wa kupata walau kimoja ni kama asilimia 40. Ingekuwa kweli kama kila chuo kingerusha sarafu yake. Lakini vyote kumi vinasoma matokeo yale yale, barua za walimu zile zile, na mara nyingi insha kuu ile ile isiyozidi maneno 650. Dosari iliyoonekana na kimoja itaonekana na vyote.

Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, inaruhusu vyuo hadi 20 (MIT ina fomu yake), na vyuo vya ngazi hii karibu vyote huongeza maswali yao. Hapo ndipo kazi huharibika. Saa sita usiku mwanafunzi anajibu “Kwa nini hapa?” kwa kusifu maktaba na “mazingira mazuri ya kusomea”. Futeni jina la chuo, wekeni jingine. Aya ikibaki ina maana ile ile, haijasema kitu. Tunashauri vyuo viwili au vitatu vya aina hii, na vinne au vitano vingine ambako matokeo ya mwanafunzi yanatosha na ada familia inaijua.

Walimu wa kumwandikia barua waombwe angalau mwezi mmoja kabla. Aliyeombwa siku tano kabla huandika “ana bidii na nidhamu”, maneno yanayolifaa darasa zima.

Tahadhari kuhusu maombi ya mapema yenye masharti ya kumfunga mwombaji. Akikubaliwa, anatakiwa kwenda na kuondoa maombi mengine yote, kwa hiyo hana cha kulinganisha nacho msaada aliopewa. Ni kweli vyuo humwachia mwanafunzi ambaye msaada haumtoshi, lakini majibu hayo hutoka katikati ya Desemba, na vyuo vingi vinavyobaki hufunga mwanzoni mwa Januari. Kwa siku hizo chache, insha za vyuo vitano haziandikiki vizuri.

Washauri wa wanafunzi