Binamu, kabla hujaingia milonga soma hii kwanza

Binamu,

Naona umepata safari ya Buenos Aires na ushaanza kutamba kwenye grupu la familia ati wadada wa kule watakukoma kwa rhumba lako. Sawa, rhumba unalijua, hilo sibishi, ila ukienda na mambo ya harusini utakaa kitini mpaka saa tisa usiku.

Milonga ni muziki, mwepesi na wa haraka kuliko tango (ile dansi ya Argentina), na hiyo hafla ya usiku ya kucheza nayo wanaiita milonga. Ukishaingia, usimfuate mwanamke mezani ukamnyooshea mkono! Unamtafuta kwa macho kutoka hapohapo ulipo, akikutazama unamwashiria kwa kichwa kidogo tu, naye akiitikia ndo unamfuata. Hiyo ndo cabeceo. Akitazama pembeni yameisha, hakuna aliyeona, hujaaibika. Mi naona hapo wametuzidi bana, maana kwetu mtu anavutwa mkono mbele ya mashangazi wote, akatae noma, akubali noma.

Mnacheza nyimbo tatu au nne mfululizo, yaani tanda, halafu kinapigwa kipande cha muziki mwingine kabisa na wote mnatoka uwanjani. Ukimwambia asante katikati ya tanda ashajua umemchoka, so funga mdomo. Mnazunguka kinyume na saa, usimpite wa mbele yako.

Sasa ikija tanda ya milonga yenyewe hapo ndo pako. Tango unaweza kusimama ukavuta pumzi, milonga haikusubiri, na wanafunzi kibao wa tango utawaona wanarudi vitini. We una sikio la ngoma, na ngoma imo mle. Mwandishi wa hukohuko, Ventura Lynch, aliandika mwaka 1883 kwamba milonga walikuwa wanaicheza vijana wa mitaani, compadritos, kuwadhihaki watu weusi na ngoma zao, ndo hao wajukuu wa watumwa waliotolewa Angola na Kongo. Kejeli ikawanogea wenyewe! Miaka ya 1930 mtunzi Sebastián Piana akaiandika upya kwa ajili ya mjini, okestra za kina Canaro na D'Arienzo zikaipiga, na mpaka leo hizohizo rekodi za zamani ndo zinajaza ukumbi.

Beba shati la kubadilisha, viatu vya soli ya ngozi, na pipi za mnanaa, maana wanacheza kifua kwa kifua na we na kachumbari nakujua.